Mwalimu Aliyesalimia Kuta

Mwalimu akiingia nyumbani kwako alisalimia ukuta kwanza. Wewe mwenye nyumba utangoja. Alipita mlangoni na mkoba wake wa ukindu, akaweka mgongo wa kiganja kwenye plasta, chini kabisa karibu na sakafu, halafu katikati, halafu akainama akanusa. Alinusa kweli, kama mama anayenusa maziwa ya jana. Ndipo ageuke akuulize habari za watoto. Ukimwambia watoto hawajambo, anasema, "Hapana. Hii nyumba iko na kikohozi." Na kabla hujakasirika vizuri, utasikia mtoto anakohoa chumba cha pili.

Mimi ni fundi cherehani, na mafundi cherehani tunapenda maneno, kwa hiyo nivumilie. Nilikaa naye pale Buluk, mtaa wa Juba, chini ya bati moja, chumba changu na chake vimepakana, kwa miaka mingi ile ya sabini. Kwao wapi na baba yake nani, sitasema, maana mwenyewe alikuwa hataki. Mtu akimuuliza ukoo wake alijibu, "Mimi iko hapa mbele yako. Haitoshi?"

Sote tulikuwa tumerudi kutoka Uganda amani ilipokuja Sudani ya kusini. Waliobaki Juba wakati wa vita walituita watu wa Uganda, nasi tulikuwa tunawacheka Kiarabu chao, wao wanatucheka Kiswahili chetu, basi sokoni ikawa ni kuchekana tu toka asubuhi mpaka jioni. Mwalimu alikuwa amefundisha watoto wa wakimbizi huko, na Juba akafundisha kina mama kusoma kwenye jengo la kanisa. Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala barabarani, hakijali nani ni nani. Nikijaribu kumsahihisha aliniambia, "Wewe ulielewa? Basi. Endesha hiyo cherehani."

Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, na nywele zake daima zina vumbi la chaki. Chaki au chokaa, hatukujua, maana alitoka kwenye moja akaingia kwenye nyingine.

Siku moja tulikuwa kwenye maombi ya mgonjwa, nyumba imejaa, mchungaji ameegemea ukuta, amefumba macho, anaomba kwa sauti ya kutetemesha. Nafungua jicho moja, namwona Mwalimu amesimama, anatembea kwa vidole vya miguu, anapita kati ya watu mpaka nyuma ya mchungaji. Akamgusa bega. "Pastor, sogea kidogo." Mchungaji akasogea bila kuacha kuomba. Mwalimu akakwangua ukuta kwa ukucha, akatazama kilichobaki kwenye ukucha, akatikisa kichwa. Mchungaji aliposema amina, mgongo wa koti lake ulikuwa na doa la maji kubwa kama sinia. Watu walicheka mpaka mgonjwa naye akacheka, na mimi nasema kilichomponya ni kile kicheko, ingawa mchungaji ana maoni yake.

Adabu yake ilikuwa ya namna hiyo. Hakuwa na breki. Lakini alikuwa na utaratibu, na huo haukuvunjika. Ukimwita akuondolee ukungu, hakuja na brashi. Alikuja na swali: "Maji natoka wapi?" Ukimwambia hujui, alikaa kwenye kiti chako, akaomba chai, akakutazama mpaka ujue. Kwake kupaka chokaa kabla ya kujua maji yanatoka wapi ilikuwa sawa na kumfuta mtoto machozi huku umemkanyaga kidole.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyechoka na madoa, akapaka chumba kizima rangi ya mafuta, ya buluu, inang'aa, mtu unajiona ndani yake. Akatualika tuje tuone. Mvua za kwanza tu, ukuta ukaota malengelenge, makubwa kama mandazi. Mwalimu akatoa pini kwenye gauni lake, akatoboa moja, maji yakamtiririka mwenye duka kwenye kiatu. "Umefungia maji ndani," akamwambia. "Sasa itatokea wapi? Kwa pua yako?" Rangi yote ikakwanguliwa. Yule bwana alinuna kwa muda, kisha akawa ndiye anayemsifu Mwalimu kuliko wote, na Mwalimu alikuwa anapenda sifa ingawa alijifanya hapendi. Ukimsifu alikunja uso, anakwambia acha upuuzi, halafu anakaa palepale akingoja uendelee.

Nyumba nyingine shida ilikuwa zir, ule mtungi mkubwa wa udongo ambao Juba kila nyumba inao, unaotoa jasho ili maji yapoe. Watu waliuweka pembeni ndani ya chumba, umeegemea ukuta, na ukuta unakunywa usiku na mchana. Mwalimu akautoa nje mwenyewe, ameukumbatia kama mtoto mkubwa. Mume wa nyumba ile alirudi kutoka kazini akakuta maji yake ya baridi yako uani. Akafoka, akapiga kelele, akamwita Mwalimu majina. Kisha akachukua kitanda chake akakihamishia nje kando ya mtungi, na huko akalala kiangazi chote. Mkewe alimshukuru Mwalimu mara mbili, kwa ukuta na kwa nafasi.

Maji yakishajulikana ndipo kazi inaanza. Alijifunga leso mdomoni, akalowesha ukungu kwanza ("Ukikwangua kavu, unakula!"), akakwangua kwa brashi ya waya, akaosha kwa magadi yaliyochemshwa, akasuuza, akafungua mlango na dirisha, akaweka jiko la makaa katikati ya chumba, akamfukuza kila mtu. Chokaa ilikuja mwisho, nyepesi kama maziwa, mpako mmoja juu ya mwingine, na katikati ni kungoja. Kungoja ndiko kulikotushinda sisi. Yeye alingoja akiimba nyimbo za kanisa, kwa sauti kubwa, na hakuna wimbo hata mmoja uliomtoka salama.

Sasa usidhani nyumba yake ilikuwa mfano. Sufuria zake zilikuwa nyeusi ndani na nje. Alisema masizi ni safi, masizi yamepita motoni. Viatu vyake aliviacha popote vilipomchokea. Na mjusi! Mwanamke aliyezozana na polisi mpakani juu ya lori, akimwona mjusi nyuma ya kabati alipanda kiti na kuniita jina langu lote. Nilikuwa naacha nguo ya mteja chini ya sindano, nakimbia. Namkuta amesimama juu ya kiti, brashi mkononi, anasema, "Hapana kucheka. Toa."

Hakupokea chochote kwa kazi yake ila chakula, na chakula alichotaka ni matoke, zile ndizi za kupika. Hapo ndipo ilipo hadithi yenyewe. Aliporudi kutoka Uganda, sufuria nzuri aliziacha, kitanda alikiacha. Alichobeba ni machipukizi ya migomba, ameyafunga kwenye gunia bichi, ameyapakata kwenye lori njia nzima ya Nimule. Akayapanda uani kwake, ua uliozungushiwa mafunjo, na yakashika. Juba jua lile, udongo ule, watu wakasema hayatafika wiki. Yakafika, yakazaa. Kila jioni aliyamwagia maji ya kuoshea vyombo, maji ya kufulia, maji ya kuogea, akizungumza nayo Kiganda. Ukipita njiani unaona majani yamezidi ua, unasema, pale anakaa mtu wa Uganda. Sisi wa Uganda tulikuwa tunapita pale makusudi tu, kuyaona.

Basi, mimi nilipata mchumba. Msichana wa Gumbo, ng'ambo ya mto, mcheshi, ana macho ya kukuhesabu. Alikuwa na pumu. Ikimshika, unasikia kifua kinalia filimbi, na midomo inabadilika rangi, na wewe uliye naye huna la kufanya ila kumshika mkono na kuogopa. Niliwahi kuona mara moja tu. Sikutaka tena.

Mama yake alikuwa mwanamke aliyebaki Juba vita vyote, mfupi, mpole wa sauti, mgumu kama kisiki. Akaja kuona nitakapomweka binti yake. Ukuta wangu wa nyuma ulikuwa na ukungu, tena si wa mchezo: chini mweusi, juu wa kijani, pembeni umeota ndevu. Nilikuwa nimeufunika kwa kitenge. Mama akakiinua kitenge, akakishusha taratibu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu mzuri. Lakini binti yangu hatalala kwenye chumba hiki nije nimzike. Ukuta ukikauka, njoo tuzungumze harusi." Akavuka daraja akarudi kwake.

Unajua nilikwenda kwa nani.

Mwalimu alilichukua jambo lile kama vita. Alimpenda yule msichana. Walikuwa wakikutana wanacheka vitu ambavyo hawakuniambia. Akaja, akauliza swali lake. Maji natoka wapi? Bati tukalipanda, halivuji. Zir langu likatolewa, masikini, halina kosa. Akasema ni mvuke wa pasi yangu, nikapiga pasi nje mchana kutwa, majivu yakapeperukia suruali za watu. Akakwangua, akaosha, akakausha, akapaka. Ukuta ukawa mweupe kama yai. Nikafurahi, nikaanza kuchagua kitambaa cha suti. Kabla sijakata kola, doa likarudi palepale, limejilaza kama mwenye nyumba.

Akarudia. Likarudi. Akakaa kwenye kiti changu, akaomba chai, akanitazama. "Wewe namwaga maji hapa usiku?"

"Mwalimu! Nimwage maji kwenye ukuta wangu mwenyewe, niharibu harusi yangu mwenyewe?"

"Wanaume nafanya vitu," akasema.

Tukawa tunagombana kila asubuhi. Aliacha kuzunguka nyumba za watu, kiburi chake kimeumia. Mimi nilikuwa silali. Mchumba wangu aliacha kuniuliza suti imefika wapi, na hilo liliniuma kuliko maneno.

Mwisho Mwalimu mwenyewe akamwita mama mkwe. Akamwambia, njoo uone kwa macho yako, sisi tumefanya kila kitu, huu ukuta una pepo. Mama akaja na binti yake. Akatazama doa. Akauliza kwa Kiarabu cha Juba, taratibu, "Moya de ja min wen?" Maji haya yametoka wapi. Mwalimu akatoa macho. Hakupenda kuulizwa swali lake na mtu mwingine. "Mimi nimeshauliza hiyo," akasema.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Ni ua yangu. Hakuna kitu. Karibu chai."

Tukapita chumbani kwa Mwalimu, tukatokea uani. Mama mkwe akasimama. Migomba ilikuwa imejipanga nyuma ya ukuta wangu, imeugusa kabisa, imeulalia, na chini yake udongo mweusi umelowa unameremeta, na beseni la maji ya sabuni linangoja zamu yake. Pale ndipo nilipokuwa nakunywa chai naye kila Jumapili. Macho yangu mawili haya. Na wa Uganda wote waliopita uani mle, wakala matoke, wakasifu, hakuna aliyeona kitu, maana kwetu sisi nyumba bila mgomba mlangoni si nyumba, na maji machafu huendi kuyatupa kwingine. Kule Uganda, kwenye mawe na kilima, yanakwenda zake. Hapa ukuta ni matofali ya udongo usiochomwa. Ulikuwa unanyweshwa kila jioni, kwa mapenzi.

Mama mkwe akafunga mdomo kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika. "Mwalimu," akasema, "shamba umelima ndani ya chumba cha kijana!" Akacheka mpaka akakaa chini, na binti yake akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Mwalimu hakucheka. Akachukua vikombe, akaingia ndani, akafunga mlango, sisi bado tuko uani kwake. Tukatoka kwa kuinua mafunjo.

Hakunisalimia tena. Kuta zangu pia hakuzisalimia. Nilikwenda mlangoni kwake nikamwambia acha tu, Mwalimu, nitatafuta chumba kwingine, migomba ibaki. Nilisema kweli kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza watu. Akajibu toka ndani, "Kwingine utapata jirani gani?" Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jumapili, baada ya kanisa, nikasikia jembe. Nikachungulia kwenye mafunjo. Mwalimu yuko na gauni lake la kanisani, amelikunja kiunoni, anachimba kuzunguka mgomba wa kwanza, na analia. Analia kwa sauti, bila kujificha, kama alivyoimba. "Nilishika hii kwa lori kama mtoto," akaniambia. "Huku kila mtu naniita wa Uganda. Kule walikuwa naniita wa Sudani. Hii tu ndiyo haikuniita kitu." Nikachukua jembe lingine.

Mama mkwe akatokea na toroli, binti yake alikuwa amesikia kanisani kwamba Mwalimu anataka kukata migomba, akampelekea habari. Akatazama, akavua viatu. "Unakata?" akauliza. Mwalimu akasema ndiyo, nakata. "Nani kakwambia ukate? Kwangu Gumbo kuna shamba karibu na mto. Udongo haushibi maji. Toa na mizizi, tupeleke." Mwalimu akafuta pua kwa mkono wenye udongo. Wakaanza kuchimba wawili, na dakika hiyohiyo wakaanza kugombana, huyu anasema chimba mbali, huyu anasema utaumiza shina, Kiarabu na Kiswahili na Kiganda vyote vinarushwa juu ya kichwa changu. Hapo nikajua mambo yatakuwa sawa.

Tukabandua plasta ya chini, tukachimba mfereji, tukauacha ukuta uchi upigwe na jua. Ulikauka. Nikavuka daraja mbio kumwambia mama mkwe. Akanitazama kwa huruma. "Kiangazi kila ukuta ni mtakatifu," akasema. "Ngoja mvua." Nikangoja mvua, mimi nadhani hakuna bwana harusi Juba aliyewahi kuomba mvua kama mimi. Zikaja, zikapiga, Mwalimu anakuja kila alfajiri na taa kumulika ile pembe. Kavu. Ndipo tukaoana. Mwalimu aliimba kanisani, na kwaya ikamfuata alikokwenda, ingefanyaje.

Baada ya hapo akawa anavuka kwenda Gumbo kuiona migomba yake. Kwanza mara mojamoja, halafu ikawa anakaa kutwa. Yeye na mama mkwe wanauza matoke kando ya barabara ya Nimule, wanagombana, wanakula pamoja. Miaka ile ya sabini ikielekea kwisha, akaniletea habari: mama mkwe amempa sehemu ya kujenga, nyumba imekwisha, tumeezeka bati. Hakusema karibuni. Alisema, "Mlete mke yako wakati wa mvua."

Tukaenda siku ya mawingu mazito. Nyumba ilikuwa ndogo, imeinuliwa juu ya mawe, na migomba ilikuwa mbali kule chini, unaita haisikii. Nikaanza kumsifu. Alikunja uso. "Hapana maneno yako. Wewe ni mshonaji, najua nini? Mke yako alale pale." Akaonyesha kitanda kilichosogezwa kimeegemea ukuta mpya. "Kifua yake ndiyo mkaguzi."

Mke wangu akacheka, akasema Mwalimu, mchana wote huu? Lakini alikuwa amechoka, tumetembea, akajilaza. Mvua ikapiga bati kwa nguvu, ikapiga, halafu ikaacha ghafla kama inavyofanya kwetu. Mke wangu alikuwa amelala. Mwalimu alikuwa amevuta kigoda karibu na kitanda, mikono mapajani, ameinamisha kichwa. Alikuwa amezeeka, niliona hapo.

"Mimi nilirudi zamani," akaniambia kwa sauti ndogo, bila kunitazama. "Lakini kufika, nimefika mwaka huu."

Nikataka kumjibu. Akainua kidole.

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Matone yanadondoka nje kwenye ncha ya bati. Kuku. Nikasogea karibu na kitanda, nikainama mpaka sikio langu likawa juu ya kifua cha mke wangu, sikusikia filimbi, sikusikia mkoromo, kinapanda na kushuka tu.

"Mwalimu, sisikii kitu."

"Ndiyo!" akasema. "Ndiyo hiyo hakuna kitu!" Akapiga makofi, akacheka, akacheka kwa sauti ile yake yote, mpaka akamwamsha.